SMR au CMR: diski ipi kwa kazi ipi

Kijana mmoja anayepiga video za harusi aliniletea diski yake ya nje ya terabaiti 4 akiwa amekwisha kuikatia tamaa. “Kaka, hii ni mbovu. Inaanza vizuri, halafu inalala.” Nikaichomeka, nikaanza kunakili folda ya gigabaiti 300. Mwanzoni ilikwenda megabaiti 120 kwa sekunde. Baada ya muda ikawa 40, kisha 9, mara ikasimama kwenye sifuri kabisa, ikaamka, ikasimama tena. Nikaipima kwa CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski: hakuna sekta hata moja iliyoharibika. Diski ilikuwa nzima, ila ni SMR, aina ya diski ngumu ambayo mistari yake ya data hulaliana, na yeye alikuwa akiifanyia uhariri moja kwa moja juu yake, akiandika na kufuta kutwa nzima.

Swali la kuchagua kati ya SMR na CMR, ile diski ya mtindo wa kawaida, hunifikia mara kwa mara, na maboksi ya dukani kwa kawaida hayasemi ndani kuna aina gani. Nautanguliza msimamo wangu ili asiye na muda aondoke nao: SMR si diski mbaya, na kwa kuhifadhi kazi iliyokwisha kukamilika ningekuambia uinunue bila woga. Lakini kwa kazi ya kuandika, kufuta na kuandika tena, afadhali CMR yenye nafasi ndogo kuliko SMR kubwa kwa bei ileile.

Paa la makuti

Diski ngumu huandika data kwenye mistari ya duara juu ya sahani inayozunguka. Katika CMR, yaani mtindo wa kawaida, kila mstari una nafasi yake na umetengana na jirani yake. Ukibadilisha mstari wa tano, wa sita hauna habari.

SMR imejengwa juu ya jambo moja: kichwa kinachoandika ni kipana kuliko kinachosoma. Kikishaandika mstari mpana, kichwa kinachosoma kinahitaji sehemu nyembamba tu ya mstari huo. Kwa hiyo mstari wa pili unaandikwa ukiulalia ubavu wa kwanza, wa tatu unaulalia wa pili, na hivyo hivyo kuendelea. Aliyewahi kumtazama fundi akiezeka makuti ameshaelewa. Fundi huanza chini, kila safu ikailalia iliyotangulia, na kinachobaki nje ni ncha tu. Sasa kuti la katikati likioza, huwezi kulibadilisha peke yake. Lazima uguse safu zilizolilalia, uweke jipya, kisha uzirudishe. Hata herufi S ya SMR inatokana na neno la Kiingereza shingle, yaani kigae cha mbao cha kuezekea.

Ili kuti moja lisilazimishe kuezua paa zima, mistari imegawanywa katika kanda, na baina ya ukanda na ukanda huachwa pengo. Ukibadilisha kitu kidogo ndani ya ukanda, ukanda huo wote, au sehemu yake yote inayofuata hapo ulipogusa, itabidi isomwe, irekebishwe na kuandikwa upya. Kwenye diski za SMR za seva ukubwa uliozoeleka wa ukanda ni megabaiti 256. Ndiyo kusema, badiliko la kilobaiti nne linaweza kuzaa kazi ya mamia ya megabaiti.

Malipo ya usumbufu huo ni nafasi. Mwaka 2022 kampuni ya Western Digital (WD) ilitangaza diski ya CMR ya terabaiti 22 na ya SMR ya terabaiti 26, zote za umbo lilelile la inchi 3.5. Mwaka 2024 ikawa 26 kwa CMR na 32 kwa SMR. Kwenye diski ndogo za inchi 2.5 SMR ndiyo iliyowezesha terabaiti 2 kuingia ndani ya unene wa milimita 7, na terabaiti 5 ndani ya milimita 15. Sahani chache kwa nafasi ileile maana yake ni uzito mdogo, umeme kidogo na gharama ndogo ya kutengeneza. Kampuni ya Seagate ndiyo iliyotangulia kuzipeleka sokoni kwa wingi, mwaka 2013.

Kitu kimoja huchanganywa sana: HAMR, ile teknolojia ya kupasha sahani joto kwa leza wakati wa kuandika, si SMR. Ni njia nyingine ya kubana data, na diski ya HAMR inaweza kuwa CMR au SMR.

Kwa nini inaanza vizuri halafu inalala

Diski za SMR tunazouziwa wengi wetu hujisimamia zenyewe. Kompyuta haijui kinachoendelea ndani. Inaiona kama diski yoyote. Ndani, diski imetenga sehemu ya sahani iliyoandikwa kwa mtindo wa kawaida, kama ukumbi wa kupokelea mizigo. Unachoandika kinatua ukumbini kwanza, haraka, na diski ikipata nafasi ya kupumua inakihamishia kwenye kanda na kukipanga.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, walitaka kuliona hili kwa macho. Mwaka 2015 walichapisha utafiti ambao ndani yake walitoboa mfuniko wa diski, wakaweka kidirisha kinachopitisha mwanga, wakarekodi mwendo wa kichwa kwa kamera ya kasi huku diski ikifanya kazi. Kwenye diski za Seagate za terabaiti 5 na 8 walizozichunguza, ukumbi huo ulikuwa wa gigabaiti 20 hadi 25 hivi, pembezoni mwa sahani.

Ukijua hilo, tabia ya diski ya yule kijana haina tena siri. Ukumbi ukiwa na nafasi, anaona 120. Ukijaa, kila mzigo mpya unabidi usubiri wa zamani utolewe, na kasi inaporomoka. Hesabu yake inauma: gigabaiti 500 kwa megabaiti 120 kwa sekunde ni kama dakika 70. Kwa megabaiti 10 ni karibu saa 14.

Faili kubwa zinazoandikwa kwa mfululizo kwenye diski tupu huwa hazina shida sana, kwa sababu diski nyingi zinatambua mfululizo huo na kuupeleka kwenye kanda moja kwa moja. Balaa ni faili ndogo ndogo nyingi, au kuandika hapa na pale ndani ya diski iliyokwisha kujaa. Folda moja ya picha laki moja na nusu itakutesa kuliko filamu nzima yenye gigabaiti zilezile.

Kusoma ni hadithi nyingine. Data ikishapangwa, SMR inasoma karibu sawa na CMR ya mzunguko uleule. Ndiyo maana mtu anaweza kutazama video kutoka kwenye diski yake mwaka mzima bila kuhisi tofauti, akaja kushtuka siku anapohamisha kitu kikubwa.

Kumbukumbu za kazi zilizokwisha: SMR inatosha

Video za harusi zilizokwisha kukabidhiwa, picha za familia, mihadhara iliyorekodiwa, nyaraka za miaka iliyopita, nakala rudufu ya kila wiki: vyote hivi huandikwa mara moja na kusomwa mara chache. Hapa ndipo SMR inapoonyesha thamani yake. Unapata nafasi kubwa kwa pesa kidogo, na kama unakili usiku, saa mbili zaidi hazikupunguzii kitu.

Ninaposhauri watu wa video huwaambia hivi: kazi inayoendelea ikae kwenye SSD, diski ya chipu isiyo na sahani inayozunguka, iliyokwisha iende kwenye diski mbili za SMR zinazofanana, moja ofisini na moja nyumbani. Kwa bei ya CMR moja kubwa wakati mwingine unakaribia kuzipata hizo mbili, na nakala mbili za kawaida zinakulinda zaidi ya nakala moja ya kifahari.

Na hiyo ndiyo kazi ambayo hata wakubwa wanaitumia SMR. Mwaka 2018 Dropbox, huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni, ilianza kuweka diski za SMR za terabaiti 14 kwenye hifadhi yake, takriban diski 100 ndani ya sanduku moja la seva. Lakini tofauti yao na sisi ni kubwa. Diski zao haziendeshi ukumbi kwa siri. Ni zile zinazosimamiwa na kompyuta yenyewe, ambazo hukataa kabisa kuandikiwa bila mpangilio ndani ya ukanda. Programu ya Dropbox iliandikwa upya ili ikusanye data katika mafungu makubwa na kuyamwaga kwa mfululizo. Linux nayo ilianza kuzielewa kanda kwenye toleo la 4.10 la mwaka 2017, na mfumo wa faili wa Btrfs ukafuata mwaka 2021. Ukikutana na diski ya seva iliyotumika ya aina hiyo inauzwa kwa bei ya kutupa, iache. Windows ya nyumbani haitaitambua kama diski ya kuhifadhia faili, na kuiendesha kwenye Linux kunataka mtu anayejua anachofanya.

NAS na RAID: usijaribu

Hapa sina maneno ya kupoza. NAS ni kisanduku cha diski kinachohudumia kompyuta kadhaa kupitia mtandao, na RAID ni utaratibu wa kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa, nyingine ziendelee na data isalimike. Siku diski moja inapokufa unaweka mpya, na mashine inaijaza upya kwa kukokotoa kutoka kwa zilizobaki. Kujaza huko ni kuandika bila kupumzika, saa baada ya saa, hadi diski ijae. Ukumbi wa SMR unafurika mapema, diski inachelewa kujibu, na kidhibiti cha RAID, kikiona kimya kimezidi, kinaweza kuamua kwamba nayo imekufa na kuitupa nje ya kundi. Hapo umebaki na diski mbili zilizoanguka, moja kweli na moja kwa kudhaniwa, huku data yako yote ikining'inia.

Haya yalitokea hadharani. Aprili 2020 ilifichuka kwamba Western Digital ilikuwa imeweka SMR kwenye baadhi ya diski za Red za terabaiti 2 hadi 6, diski zilizokuwa zikiuzwa mahsusi kwa NAS, bila kuliandika hilo kwenye karatasi za maelezo. Watu walikuwa wanabadilisha diski iliyokufa kwa mpya yenye jina lilelile, na kundi zima linaanza kutoa makosa. Tovuti ya ServeTheHome ikaipima mojawapo ya hizo Red, WD40EFAX, kwa kuifanya ijaze upya kundi la ZFS, mfumo wa faili unaounganisha diski kama RAID: diski za CMR za ukubwa huo zilimaliza ndani ya siku moja, hiyo ya SMR ilichukua zaidi ya siku tisa. Siku tisa ambazo diski nyingine moja ikifa kwenye kundi lenye kinga moja, umepoteza vyote. Seagate na Toshiba nazo zilikutwa na SMR kwenye baadhi ya diski za kompyuta za mezani bila kutangaza. Kesi zikafunguliwa Marekani, orodha zikachapishwa, na Juni 2020 Western Digital ikazihamishia CMR kwenye jina la Red Plus, huku Red tupu ikibaki SMR.

Kinachoniuma katika mkasa huo ni kuficha kuliko SMR yenyewe. Mtu anayenunua diski kwa ajili ya data za wateja wake ana haki ya kujua paa lake limeezekwa vipi.

Kwa NAS, basi: WD Red Plus au Red Pro, Seagate IronWolf, Toshiba N300. Kama bajeti haifiki terabaiti 8 za CMR, nunua 4 za CMR.

Kamera za CCTV

DVR, mashine inayorekodi picha za kamera hizo, huandika saa 24, ikifika mwisho inarudi mwanzo na kufuta ya zamani. Kamera moja kwa mwendo wa pole, SMR ingeweza kuhimili. Lakini kamera nane au 16 zinaandika kwa pamoja, kila moja mahali pake, na diski haipati hata dakika ya kupanga mizigo. Picha zinazokosekana huwa zinakosekana usiku uleule unaozihitaji. WD Purple ni CMR. Baadhi ya diski nyingine zinazouzwa kwa jina la kamera zimewahi kuwa SMR, kwa hiyo jina la kamera kwenye boksi lisikutoshe. Angalia namba ya modeli.

Diski ya kompyuta yenyewe

Kwa Windows au Linux ya kila siku, SSD ndogo inazishinda zote mbili na mjadala unaishia hapo. Laptopu nyingi zilizokuja na diski ya terabaiti 1 au 2 ya inchi 2.5 zina SMR, na mwenye laptopu analalamika kwamba kila ikipakua masasisho inaganda. Anadhani ni virusi. Mfumo unaandika vipande vidogo kila mahali, yaani kazi ileile ambayo SMR inaichukia. Hifadhidata, mashine pepe na kupakua torenti navyo viko kundi hilohilo.

Kufuta kwa bahati mbaya

Hili husahaulika kwenye ulinganisho mwingi, na mimi nimeliona likiliza watu. Kwenye CMR, ukifuta folda kimakosa, data bado iko juu ya sahani mpaka iandikiwe juu, na programu za kuokoa faili huirudisha mara nyingi. Diski nyingi za SMR zinapokea TRIM, ile amri ambayo SSD huitumia: kompyuta inaiambia diski kwamba eneo fulani halina kazi tena, na diski inalifuta kwenye ramani yake. Baada ya hapo programu ya kuokoa inasoma sifuri tupu. Ukifomati haraka diski ya namna hiyo kwenye Windows ya kisasa, hesabu kwamba data imekwenda.

Tena SMR huweka ramani ya ndani inayosema kila kipande kiko wapi, kwa kuwa vipande vinahamahama. Ramani hiyo ikiharibika, fundi wa kuokoa data ana kazi ngumu zaidi kuliko kwenye CMR. Kwa hiyo picha zako za pekee zisikae kwenye SMR moja tu. Kusema kweli zisikae kwenye diski moja ya aina yoyote.

Kuijua kabla ya kulipa

Soma namba ya modeli kwenye stika ya diski, si jina la rangi kwenye boksi. Herufi moja inabadilisha kila kitu: WD40EFRX ni CMR, WD40EFAX ni SMR, WD40EFPX ni CMR tena. Upande wa Seagate, Barracuda za mezani zinazouzwa sana, ST2000DM008, ST4000DM004 na ST8000DM004, zote ni SMR. Watengenezaji wote watatu sasa wana orodha kwenye tovuti zao. Tafuta namba hiyo kwa simu ukiwa bado umesimama dukani, na muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Diski ya nje ya inchi 2.5, ile inayoingia mfukoni na kutumia kebo ya USB peke yake, ikiwa ni ya terabaiti 2 au zaidi, chukulia kuwa ni SMR. Huwezi kuona modeli ya ndani bila kuifungua, na huna haja. Inunue kwa kazi ya kumbukumbu.

Ukiwa nayo mkononi, ichomeke na ufungue CrystalDiskInfo, utazame mstari wa vipengele vyake. Diski ngumu ya kuzunguka ikionyesha TRIM, karibu hakika ni SMR. Kwenye Linux amri ya hdparm -I hutoa habari hiyohiyo. Kukosekana kwa TRIM hakuthibitishi kuwa ni CMR, kwani SMR za zamani hazina. Kache (kumbukumbu ndogo ya muda ndani ya diski) ya megabaiti 256 kwenye diski ya bei nafuu ya terabaiti 2 au 4 ni dalili nyingine, lakini dalili tu, isikufanye uape.

Kama tayari unayo

Usiiuze kwa hasira. Yule kijana nilimwambia ahamishie uhariri kwenye SSD ya gigabaiti 500 na diski yake ageuze ghala. Tuliyoyapanga ni haya: anakili folda moja kwa wakati, asifungue madirisha mawili ya kunakili kwa pamoja. Faili ndogo ndogo kwanza zifungwe kwenye faili moja la zip au tar, ndipo ziende kwenye diski kama mzigo mmoja mrefu. Asiijaze pomoni. Na kunakili kukiisha, asichomoe papo hapo. Ukiweka sikio karibu utaisikia bado inakwaruza na taa inapepesa, ndiyo inatoa mizigo ukumbini na kuipeleka kwenye kanda. Umeme ukikatika wakati huo kwa kawaida hakuna kinachopotea, maana kilichopo ukumbini kimekwisha kuandikwa juu ya sahani na diski huendelea ilipoachia. Ila ukiichomoa kila mara kabla haijamaliza, kesho unaanza na ukumbi uliojaa nusu, na kasi inaanguka mapema zaidi. Iache imechomekwa nusu saa au saa nzima, mpaka inyamaze, kisha itoe kwenye mfumo na uichomoe.

Alirudi na diski ya pili ya modeli ileile, ya kuweka nyumbani kwa mama yake.